KUH: KUNGURU

Kwa Afisa wa vibali,
ghorofa ya pili, dirisha la tatu
(kama bado ni wewe; juzi alikuwepo mwingine).

Mimi Mwanamize Shee, wa Kibokoni,
nyumba ya mlango wa buluu uliopauka.
Nakaanga mahamri tangu alfajiri hadi saa tatu.
Nilikuja, nikapewa karatasi, nikaijaza.
Palipoandikwa *Idadi ya ndege* niliandika: wengi.
Ukanirudishia. Wengi si nambari, ukasema.

Basi nilipanda darini na daftari la madeni
nikawahesabu kama niwahesabuvyo wanaonidai na ninaowadai:
arubaini na mmoja juu ya waya wa stima,
sita kwenye tangi la maji,
na mmoja mwenye ukucha uliokatika.
Huyo nimemwandika mstari wake peke yake.
Huyo namjua.
Ndiye aliyempokonya hamri mtoto wa shule,
moto hivyo hivyo,
mtoto akabaki na gazeti lenye mafuta
na mdomo wazi.

Famau, mtoto wa kaka yangu, aliniletea dawa
ndani ya chupa ya soda.
"Shangazi, kipande cha nyama, matone mawili,
kesho utalala mpaka uchoke."
Nikamuuliza, na paka wa Bi Zuwena?
Na kuku wa pale msikitini?
Sumu haibishi hodi ikauliza nani yumo.
Chupa nimeizonga karatasi tatu, nimeifungia kabatini.
Nambieni niilete wapi.
Chooni siimwagi: maji yetu yote mwisho wake ni baharini,
na bahari ndiyo mchuzi wetu.

Yale mliyonitaka niyafanye kwanza, nimeyafanya.
Pipa la taka lina kifuniko,
juu ya kifuniko jiwe,
juu ya jiwe kamba, maana jiwe walilijulia siku ya pili.
Sinia nimeifunika chandarua kuukuu.
Kiota cha kwenye dishi la televisheni
nilikishusha kabla hakijaingia yai, kama mlivyosema,
kwa ngazi ya kuazima, na magoti haya.

Ndani yake mlikuwa na waya, waya tele,
kijiko changu cha chai,
na nusu ya miwani ya marehemu mume wangu,
kioo kimoja, mkono mmoja,
niliyoitafuta hata arubaini yake ikapita.
Nikakaa juu ya ngazi.
Karatasi yenu haina nafasi ya kuandika hilo.

Sasa lililonileta.
Mkungu wa jirani yangu, Athman Bwanakheri, umelala ukutani kwangu.
Ulinieleza: matawi ya upande wangu nayapogoa,
ya upande wake siyagusi, wala viota vyake.
Sawa. Ukuta naujua ulipo.
Lakini Athman kila asubuhi huwarushia matumbo ya samaki,
na huwaita kwa majina!
Nilimwendea kwa hasira, na mwiko mkononi.
Akanisikiliza, akafuta vidole, akasema,
"Bi Mwanamize, tangu watoto wahamie Maskati,
hawa ndio niwaitapo huja."

Kunguru hafugiki, walinena wa kale.
Wa kale hawakupakana na Athman.
Nilirudi na mwiko wangu.
Siku hizi matumbo huyatia kwenye ndoo,
akawapa upande wa pili, wa barabarani,
na mimi humpelekea mahamri manne, ya jana.
Hilo halikuhitaji kibali.

Kwa hiyo ombi langu nalipunguza.
Naomba ruhusa ya wavu juu ya jiko,
na mtu wenu, mwenye kazi yake na karatasi zake,
aje awatege wa kwenye waya na tangi.
Kwa *Idadi* andika: arubaini na saba.

Yule wa ukucha mumwache.
Nusu ya pili ya miwani
hajanirudishia.